Kinyaa Kilichoitwa Ruhani

Jana jirani yangu wa chini kachinjia kuku wake kwenye ngazi. Si uani, si bafuni kwake; kwenye ngazi, hapo hapo tunapopita sote, kisha akaimwagia ile damu ndoo moja ya maji na kujiona kamaliza kazi. Mimi nilikuwa napanda na mkate mkononi. Harufu ilinikuta ghorofa ya kwanza. Nikasimama, nikashika ukuta, mdomo ukanijaa yale mate mepesi yanayotangulia kutapika. "Vipi, Bi mkubwa, una mimba?" akaniuliza huku anacheka, kisu bado kiko mkononi. Mtu wa umri wangu mimi! Nilimpita, nikaufikisha mkate nyumbani, wenzangu wakaula. Mimi sikuweza.

Damu iliyo na moto bado, wengi wenu mnaijua kwa pua tu. Mimi naijua kwa ulimi. Nitawaambia nimeijuaje, maana nyinyi tuliolingana umri, mliolelewa kwenye fleti hizi hizi za Michenzani au kule kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe, mambo haya mnayakumbuka vizuri sana ila hamtaki kuyasema. Siku hizi kila mtu anajifanya kwao hakujapigwa ngoma ya pepo hata siku moja. Haya, kwetu ilipigwa.

Nianze na mama, kwa sababu kila kitu kilianzia kwake. Mama yangu alikuwa mwanamke wa kinyaa. Kazaliwa Mkunazini, mtu wa mjini haswa, na kikombe chake cha chai hakuna aliyeruhusiwa kukigusa, hata baba. Akienda nyumba za watu akapewa chai, alikizungusha kikombe akanywea upande wa mkono, pale karibu na kishikio, ambapo watu hawaweki midomo yao. Mchicha aliukosha mpaka ukachoka. Embe lililokwishang'atwa na mtu mwengine kwake lilikuwa taka. Nami, mtoto wake wa kwanza na wa pekee wakati ule, nikawa vivyo hivyo. Skuli wenzangu wakinipa kipande cha muhogo walichokimega kwa meno nilikikataa, wakaniita Bi Marashi, nikalia, nikarudi nyumbani kumwambia mama. Mama akasema, "Waache na uchafu wao."

Baada ya mimi mama alipoteza mimba mbili. Ya tatu ilipofika mahali ambapo zile nyengine hazikufika, akaanza kuona damu. Daktari akamwambia alale, asiinuke ila kwa dharura. Mama akalala. Mimi nikawa nachota maji, nafagia, napika wali unaoshika chini, na kila nikipita mbele ya mlango wake naona miguu yake imeinuliwa juu ya mito na uso umetazama dari. Nilimtaka yule mtoto kuliko kitu chochote duniani. Nilikuwa nimechoka kuwa peke yangu.

Ndipo Bi Mize akaja kutoka Makunduchi. Bi Mize alikuwa shangazi yake baba, fundi wa pepo, mganga anayefuatwa na watu hata kutoka mjini, wake kwa waume. Mwanamke mnene, mfupi, midomo myekundu kwa tambuu, na popote alipokwenda alikuwa na kopo lake la kutemea. Aliliweka juu ya zulia la mama. Nililiona lile kopo, nikamwona mama analiangalia.

"Mtoto hana tatizo," Bi Mize akasema, mkono wake juu ya tumbo la mama. "Tatizo analo mwenzake mle ndani. Pepo wa ukoo wetu kaingia humo kwa sababu hajapewa kiti. Mie kiti chake nshachakaa."

Kiti ndivyo wanavyomwita mtu ambaye pepo humpanda kichwani na kusema kwa mdomo wake. Bi Mize alikuwa kiti tangu ujana wake, na kabla yake mama yake.

"Shangazi," mama akasema, "mie si wa ukoo wenu. Mie nimeolewa tu."

"Weye si wa ukoo. Huyu ndiye wa ukoo." Akanitazama mimi. "Aje kwangu afundishwe. Akishakalia mkeka, akishakunywa, pepo atamfuata yeye, na tumbo lako litapumua."

"Akishakunywa nini?"

"Si unajua."

"Damu ni haramu, Shangazi."

"Hanywi yeye. Anakunywa pepo."

"Kwa mdomo wa nani?"

Bi Mize akavuta kopo lake, akatema. Baba, ambaye alikuwa amesimama mlangoni wakati wote huo, akajikuna shingo na kutazama dirishani. Baba alikuwa mtu mzima anayefanya kazi bandarini, anayepigana mdomo na mabaharia, lakini mbele ya shangazi yake alikuwa hana neno.

Mama alikataa. Akakataa tena siku ya pili. Kisha damu ikaja zaidi, shuka zikalowa, na jioni ile nikamsikia analia na mto mdomoni ili nisisikie. Asubuhi alinikunjia nguo zangu mwenyewe, kakaa kitandani. "Nenda," akaniambia. "Ukirudi nitakukosha mwenyewe kwa mikono yangu."

Sasa nisikilizeni nilivyoelewa mimi. Nilielewa kwamba mle tumboni mna wawili, mdogo wangu na pepo, wamelala kitanda kimoja, na pepo ni mkubwa na anamsukuma mwenzake mpaka atakuja kuanguka. Na kwa kuwa pepo alitakiwa ahame kutoka kwa mama aje kwangu, nikajiuliza atapita wapi. Nikaona hana njia ila mdomo. Kwa hivyo mama aliponivuta anibusu tuagane, nikafumba midomo, nikageuza shavu, nikatoka mbio. Nilitaka pepo ahame, lakini nilitaka ahamie kule kule Makunduchi, mbele ya watu wazima, si pale chumbani nikiwa peke yangu naye. Mama alibaki mikono hewani.

Makunduchi wakati ule kulikuwa kunanuka mwani. Wanawake waliuanika kila mahali, juu ya makuti, juu ya mawe, mpaka kwenye viambaza, na ukipata mvua kidogo ukaoza, basi hiyo harufu unalala nayo na kuamka nayo. Hiyo ndiyo iliyonipokea. Kisha akanipokea Bi Mize mwenyewe: akanishika kichwa kwa mikono miwili, akanitemea mate utosini ya kunibariki, fyuu, pamoja na vipande vya tambuu. Nikahisi yanateremka kwenye sikio. Nilitaka kujifuta, na Mashavu akanikamata mkono.

Mashavu alikuwa mwari wa Bi Mize, yaani mwanafunzi wake, mwanamke mkubwa aliyeachwa na mume, mcheshi, mwenye pengo. Yeye ndiye aliyepewa kazi ya kunifunza. "Usifute," akaninong'oneza. "Yaache yakauke yenyewe. Ukifuta baraka nazo zinaondoka." Basi yakakauka yenyewe. Ngozi ilinivuta siku nzima.

Mafunzo yenyewe yalikuwa hivi. Kulikuwa na chungu kikubwa nyuma ya nyumba, chenye majani ya kila namna yaliyolowekwa mpaka yakaoza. Maji yake yalikuwa meusi, yana utelezi, na ndani mna vidudu vinavyojinyonganyonga. Kila asubuhi nilikogeshwa maji hayo, na haikuruhusiwa kujimwagia maji safi baadaye. Nilitoka pale nanuka kuliko kabla sijaoga. Kisha nilifunikwa shuka kichwani nikafukizwa ubani na vitu vyengine ambavyo sikuviuliza, mpaka machozi na kamasi vinachuruzika pamoja, na kamasi hazifutwi. Maji ya kunywa yalikuwa ndani ya mtungi, na kata ilikuwa moja kwa watu wote, wagonjwa na wazima. Ukingo wake ulikuwa na rangi ya tambuu. Mimi nilikunywa kwa viganja. Usiku nilitandika kanga yangu juu ya mkeka wao ndipo nikalala, na Mashavu akawa ananitazama.

Lakini lililonimaliza lilikuwa kuumika. Alikuja mzee mmoja mwenye mgongo, hawezi kuinama, Bi Mize akamlaza kifudifudi. Alimchanja kwa wembe, akaweka pembe ya ng'ombe juu ya zile chale, akaweka mdomo wake kwenye kitundu cha juu, akafyonza. Alifyonza mpaka mashavu yakaingia ndani. Kisha akakiziba kitundu kwa nta aliyokuwa akiitafuna wakati wote, kwa ncha ya ulimi, na pembe ikasimama yenyewe juu ya mgongo wa yule mzee. Alipoibandua, ilitoka damu nyeusi iliyogandamana, inatikisika, ikaanguka juu ya jani la mgomba kwa mlio. "Unaona?" Bi Mize akanionyesha kwa kidole. "Huo ndio ugonjwa. Umetoka." Akajifuta mdomo kwa kiganja, akaletewa chai, akanywa.

Mzee aliinuka na kusema anajisikia mwepesi. Labda kweli. Mimi nilikuwa nyuma ya banda la kuku nashikilia mti.

"Na weye utajifunza," Bi Mize akaniambia, akanipa ile pembe. Akanipa mkono wake nijaribie, mkono mnene usio na chale, nifyonze tu. Nikaiweka ile nta mdomoni mwangu. Ilikuwa bado ya uvuguvugu. Siwezi kuwaeleza zaidi ya hapo. Nilifyonza, pembe ikanuka kwa ndani kila kitu kilichowahi kupita humo, na nikajiambia: mtoto, mtoto, mtoto. Kila nilipotaka kukimbia nilimfikiria yule aliye pembezoni mwa kitanda, anasukumwa. Ikashika. Bi Mize akacheka kwa furaha. "Huyu damu yetu," akasema.

Siku ya ngoma yangu ilipofika walijaa wanawake uani tangu asubuhi. Ngoma tatu, na sinia la shaba linalopigwa kwa vijiti. Katikati waliweka chano, yaani sinia la vyakula vya pepo: ndizi, mayai, halua, miwa, kila kitu kimepangwa vizuri. Nilikalishwa juu ya mkeka na Mashavu nyuma yangu ananishika mabega. Wakamleta beberu, ananuka ubeberu wake, akachinjwa hapo hapo mbele yangu, na damu ikakingwa ndani ya bakuli la bati. Wakatia asali. Bi Mize akaja nalo kwa mikono miwili, juu kuna povu jekundu, na nzi mmoja keshatua.

Nikanywa. Nataka mlijue hilo. Sikubanwa pua, sikushikwa taya. Nilichukua bakuli mwenyewe, nikafumba macho, nikanywa kwa ajili ya mdogo wangu. Ilikuwa tamu kwa asali na chumvi kwa yenyewe, nzito, na ina moto wa mwili. Huo moto ndio uliokuwa mbaya kuliko yote. Kitu kilichokuwa kinatembea sasa hivi, kinapiga kelele, kinaniteremkia kooni bado kizima. Nilimeza mara ya kwanza. Nilimeza ya pili. Utando ukanishika kwenye ulimi, na hapo mwili wangu ukakataa kabisa.

Nilitapika juu ya chano. Juu ya halua, juu ya mayai, juu ya magoti ya Bi Mize. Nilitapika mpaka ikawa inatoka nyongo tupu, na katikati ya kutapika nilikuwa nalia, kwa sababu nilijua nimemuua. Nilikuwa na hakika kwamba kule Michenzani, wakati ule ule, mtoto kaanguka.

"Simamisheni ngoma," Bi Mize akasema.

Akanishika kidevu, akaninusa mdomoni, akanitazama macho. Kisha akawageukia wenziwe, na sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Huyu si wa kunywa damu. Huyu anatapika najisi. Jamani, huyu kapandwa na ruhani!"

Pengine wapo kati yenu ambao hawajui, kwa hivyo nieleze. Ruhani kwa watu wa ngoma ni pepo mkubwa, Mwislamu, msafi. Hanywi damu, hagusi kilichoguswa na mdomo wa mtu, anataka nguo nyeupe, udi na marashi. Kumpata ni heshima. Wapo mafundi waliokaa umri mzima na mapepo yao ya pangoni wakimngoja ruhani asije.

"Kata yetu haitaki!" Mashavu akapaza sauti nyuma yangu. "Anakunywa kwa viganja!"

"Eeh!"

"Akilala anatandika kanga yake juu ya mkeka! Mie nimemwona!"

"Lo! Eeh!"

"Siku ile ya kuumika kakimbilia nyuma ya banda!"

Kila kitu mama alichonifunza, kimoja baada ya chengine, kikatajwa pale uani kuwa dalili ya pepo. Vigelegele vikapigwa. Wakanikosha kwa maji safi, ya kwanza tangu nifike, wakanivika kanzu nyeupe, wakanimwagia marashi mpaka yakaniingia machoni, na wanawake wakubwa kuliko mama yangu wakaja mmoja mmoja kunibusu mkono na kunitolea salamu. "Asalamu alaykum, bwana. Karibu, bwana." Mikono yangu ikalowa mate yao. Hata hapo, jamani! Hata katika usafi.

"Na yule pepo aliye tumboni kwa mama?" nilimuuliza Bi Mize.

"Akimwona ruhani, yule anakimbia. Ukifika tu, umtemee mama yako tumboni mate yenye marashi, basi."

Sikujali kuitwa bwana. Nilifurahi mpaka nikacheka.

Tulipofika nyumbani, mtoto alikuwa bado yumo. Mama alikuwa amelala vile vile, miguu juu ya mito, lakini damu ilikuwa imepungua. Bi Mize akasimama mbele ya kitanda akamweleza habari yote, tangu beberu mpaka ruhani, na baba akawa anaitikia kwa kichwa, kwa adabu. Mama alisikiliza. Mara nikaona tumbo lake linatikisika. Alikuwa anacheka.

"Shangazi, huyo ruhani wenu namjua. Nimemzaa mimi. Kinyaa hicho nimempa mimi, na mie kanipa mama yangu. Kwetu Mkunazini hata paka alikuwa na ruhani."

"Usikufuru."

"Sikufuru. Nambieni, mtoto mmemnywesha damu, katapika, na huo ndio muujiza? Mie ningetapika tangu kwenye kopo lako la tambuu."

"Mwache akutemee tumboni, tumalize."

"Hanitemei mtu."

Bi Mize akachukua kopo lake. "Utanitafuta," akamwambia, akaondoka. Mama hakungoja hata afike chini. Aliinuka, wakati kaambiwa asiinuke, akakaa juu ya kigoda bafuni na tumbo lake, akanivua ile kanzu, akanisugua kwa sabuni na dodoki kuanzia utosini mpaka kwenye nyayo. Akaninusa nywele. Akanisugua tena. Sijapata kujisikia msafi namna ile tangu siku hiyo, na ningekuwa na uwezo hadithi ingeishia hapo.

Mtoto alizaliwa, mwanamume, mzima. Mama alisema ni kulala kitandani. Baba hakusema kitu mbele yake, lakini pembeni aliwaambia watu wengine kuwa ni ruhani, na watu wengine wakawaambia wengine. Wakaanza kupanda ngazi. Wanawake na watoto wao wenye vikohozi, wenye matumbo, wenye kulia bila sababu. Waliposikia mama hayupo wakabisha hodi, na baba akanivika kanzu, akanipa chupa ya marashi. Nilipiga funda, nikachanganya na mate yangu, nikatemea. Nimetemea vichwa vya mapunye. Nimetemea macho yanayotoka tongo. Mama mmoja alimfunua mwanawe kinywa akaniambia nitemee humo humo, kooni. Nilikuwa naona kinyaa mpaka miguu inanitetemeka, na wao wakitazama mitetemeko ile wakisema, "Mnaona? Keshapanda."

Hilo ndilo lililokuwa gumu kuliko damu. Nikikunja uso, ni ruhani. Nikikataa chakula, ni ruhani. Nikilia, wananyamaza na kuinamisha vichwa. Baba mwenyewe akawa ananiomba chumvi kwa sauti ya chini mezani. Skuli hakuna tena aliyenitania. Mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa bado ananiona mimi, naye ni mama. Mama akirudi akakuta wageni aliwatoa kwa ufagio mpaka kwenye ngazi, kisha ananigeukia mimi: "Na weye, mjinga mkubwa, vyombo umemwachia nani? Sufuria limeganda! Hebu toka na hilo likanzu lako!" Nilikosha yale masufuria kwa furaha. Nilikuwa naacha vyengine makusudi vichafu ili nigombwe. Maadamu mama ananigomba, nilijua bado mimi ni mtoto wa mtu.

Mdogo wangu yu hai, mniwie radhi kwa kuwatangulizia. Ana ndevu na watoto wake, na hapendi nikisimulia habari hii, kwa hivyo nitaimaliza upesi.

Alikuwa keshaanza kukaa mwenyewe alipopata homa. Mama alimpeleka hospitali, wakampa dawa, akarudi naye. Siku ya pili yake, alasiri, nikiwa jikoni, nilisikia mama anapiga kelele ambayo sijapata kuisikia. Mtoto alikuwa amekazana mwili mzima, macho yamegeuka meupe, povu mdomoni, mikono inarukaruka. Degedege. Baba akatoka mbio kutafuta gari. Tulivisikia viatu vyake vinateremka ngazi zote zile. Tukabaki watatu.

Nilitia kitambaa maji baridi, nikaja nacho, nikainama nimfute kipaji. Mama akanishika mkono. Alinitazama usoni, na akawa anaendelea kunitazama, na nikaona kitu kinaondoka machoni mwake. Kisha akateremka kitandani na mtoto mikononi, akapiga magoti mbele yangu juu ya sakafu.

"Shikamoo," akasema.

Nilidhani kaingia mtu mzima nyuma yangu. Nikageuka. Palikuwa na mlango tu.

"Shikamoo, bwana. Mie ndiye niliyekosa. Nimekucheka, nimekutukana ndani ya nyumba, watu wako nimewafukuza kwa ufagio. Mtoto hana kosa. Nichukue mie, mtoto niachie."

"Mama," nikamwambia. "Mama, ni mimi."

"Naam, bwana," akajibu, na hakuinua uso.

Nilimwita tena, na tena akajibu vile vile. Mtoto alikuwa anazidi kukazana. Marashi yalikuwa mbali, kabatini kwa baba. Nikamtemea hivyo hivyo, mate matupu, kwenye kipaji cha uso. Mama akayasambaza kwa kiganja mpaka yakaenea kichwa kizima, polepole, hakuacha mahali, na yaliyobaki kiganjani akajipaka usoni kwake.